Mwongozo wa Kuutambua, Kuupima na Kuutunza Msuli wa Brakioradiali

Wanafunzi wapya wa uuguzi na wa uchuaji hapa Tanga, pamoja na vijana wanaonyanyua vyuma mitaa ya Ngamiani, huuliza maswali yale yale: ule msuli mnene unaotokeza upande wa kidole gumba mtu anaponyanyua kitu ni upi, kazi yake ni nini, na mbona kiwiko kinaendelea kuuma hata baada ya kuuchua kila jioni? Msuli unaoulizwa ni brakioradiali. Ukizifuata hatua zilizo hapa chini kwa utaratibu, utaweza kuutafuta kwa vidole vyako mwenyewe, kuutenga na jirani zake, kuupima nguvu, na kujua ni maumivu gani hayauhusu. Hili la mwisho ndilo ninalolipa uzito zaidi, kwa kuwa brakioradiali unaonekana kuliko misuli mingi ya kigasha, na kwa sababu hiyo hutwikwa lawama ya kila uchungu unaojitokeza eneo lile.

Machache ya kujua kwanza

Kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, kina mifupa miwili: radiasi, iliyo upande wa kidole gumba, na alna, iliyo upande wa kidole cha mwisho. Brakioradiali huanzia juu ya kiwiko, kwenye ukingo wa nje wa mfupa wa mkono wa juu unaoitwa humerasi, hupita mbele ya kiwiko kwa upande wa nje, kisha hushuka hadi kujishikiza kwenye radiasi, karibu kabisa na kifundo cha mkono. Kwa kuwa haukivuki kifundo, hauwezi kukunja kiganja wala kuchezesha kidole hata kimoja. Kazi yake kubwa ni kukunja kiwiko, na huifanya vizuri zaidi kigasha kikiwa katikati, kidole gumba kikitazama juu. Kazi yake ya pili ni kusaidia kukirudisha kigasha katikati pale kinapokuwa kimegeuzwa upande wowote.

Msuli huu huamrishwa na neva (mshipa wa fahamu) ya radiali, kwa nyuzi zinazotoka hasa katika mizizi ya neva ya tano na ya sita ya shingo, ambayo vitabu huiandika C5 na C6. Neva hiyo kwa kawaida hushughulikia misuli ya kunyoosha kiwiko, kifundo na vidole, hivyo brakioradiali, ambao hukunja kiwiko, ni wa pekee katika kundi lake. Mwanafunzi akilishika jambo hilo tangu mwanzo, mambo mengi ya uchunguzi wa neva yatamwia mepesi baadaye.

Vinavyohitajika

- Meza nzito isiyonyanyuka kwa mkono mmoja, na kiti ambacho ukikikalia mapaja yako yanaingia chini ya meza na kubaki nafasi ya kupitisha mkono.
- Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa, ambayo uzito wake ni takriban kilo 1.5.
- Kalamu ya wino unaofutika kwa maji na sabuni.
- Mwanga unaotoka ubavuni, kwa mfano wa dirishani. Taa iliyo juu ya kichwa huficha mabonde na matuta ya msuli.
- Mwenzako wa kukusaidia katika hatua ya nane. Hatua nyingine zote unaweza kuzifanya peke yako.

Usifanye zoezi hili kwenye mkono uliovunjika au uliovimba, mkono wenye sindano ya dripu, wala mkono uliotengenezewa njia ya kusafishia damu kwa mgonjwa wa figo. Tumia mkono mwingine.

Hatua za kufuata

1. Vua saa, bangili na pete, kisha kunja mkono wa shati hadi karibu na bega. Shati lililoishia juu kidogo tu ya kiwiko hufunika mahali msuli unapoanzia, na wanafunzi wengi kwa sababu hiyo huamini kwamba brakioradiali huanzia kwenye kiwiko chenyewe.

2. Keti ukiielekea meza, kunja kiwiko mpaka pembe ya nyuzi 90, kisha ingiza kigasha chini ya ubao wa meza. Kidole gumba kitazame juu, mkono ukae kama wa mtu anayetaka kutoa salamu, na upande wa gumba wa kigasha, juu kidogo ya kifundo, uguse ubao kwa chini. Vidole vilegee kabisa. Usikunje ngumi, kwa maana ngumi iliyokazwa huamsha karibu misuli yote ya kigasha kwa pamoja, na hapo huwezi kujua upi ni upi.

3. Sukuma ubao kuelekea juu polepole, kwa nusu ya nguvu zako, na ushikilie hapo kwa sekunde tano. Bega lisipande na mgongo usiegemee nyuma. Ukiona meza inanyanyuka, ama nguvu zimezidi au meza ni nyepesi. Tazama upande wa nje wa kiwiko: utaona tuta refu likitokeza kuanzia sehemu ya chini ya mkono wa juu, likipita mbele ya kiwiko na kushuka upande wa gumba. Huo ndio brakioradiali.

4. Endelea kusukuma kidogo, na kwa mkono wa pili lishike tuta hilo kati ya kidole gumba na vidole viwili, kisha lifuate kuelekea juu. Nje ya kiwiko kuna nundu ya mfupa inayoshikika kwa urahisi. Pita juu ya nundu hiyo, uupandie ukingo wa mfupa kiasi cha vidole vitatu au zaidi, nawe utahisi nyama ikizama kati ya msuli wa mbele ya mkono wa juu na ule wa nyuma. Mahali hapo usibonyeze kwa nguvu, kwa kuwa neva ya radiali hupita humo. Ukihisi mchomo unaoshuka kwenye kigasha kama umeme, ondoa kidole mara moja.

5. Sasa ufuate kuelekea chini. Katikati ya kigasha hivi, unene wa msuli huisha na badala yake unapata kano bapa mithili ya ukili, iliyolala juu ya radiasi. Wengi huipoteza kano hiyo wanapokaribia kifundo na kudhani wamekosea, ilhali ni kawaida: kano za misuli miwili ya kidole gumba hukatiza juu yake, na pale inapojishikiza huwa imelala kwenye mfupa kiasi kwamba vidole havipati ukingo wa kushika. Ridhika na kuifuata mpaka mahali inapofifia.

6. Hatua hii ndiyo inayostahili kurudiwa mpaka vidole vizoee, maana hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Nyuma ya brakioradiali, wakiwa wameshikana ubavu kwa ubavu, kuna misuli mirefu inayoinua kiganja kuelekea nyuma. Toa mkono chini ya meza, ulaze kigasha juu ya meza kidole gumba kikitazama juu, na uache kila kitu kilegee. Weka kidole cha shahada cha mkono wa pili juu ya tuta uliloligundua, na kidole cha kati nyuma yake kidogo, upande wa nje. Bila kukunja kiwiko, peleka kiganja upande wa nyuma, mwendo ule wa mtu anayesukuma pazia kwa mgongo wa kiganja. Kidole cha kati kitahisi nyama ikikakamaa, na kidole cha shahada kitabaki kwenye nyama laini. Sasa legeza kiganja, zuia kigasha kwa ukingo wa meza kama mwanzo, na usukume juu: safari hii kidole cha shahada ndicho kitakachoinuliwa. Ikiwa vidole vyote viwili vinahisi ugumu kwa wakati mmoja, bila shaka umekaza vidole vya mkono unaopimwa au umeinua kiganja bila kujijua. Punguza nguvu uanze tena. Nguvu ndogo hutenganisha misuli vizuri kuliko nguvu kubwa, na mtu anayesukuma kwa nguvu zake zote hatafaulu hata akirudia siku nzima.

7. Ukiwa na hakika, chora kwa kalamu mstari mmoja kwenye kila ukingo wa tuta, kisha nyanyua chupa ya maji mara tatu ukibadilisha mkao. Mara ya kwanza kiganja kitazame juu, na chupa ilale juu yake: utaona msuli wa mbele ya mkono wa juu, yaani baisepsi, ukijaa. Mara ya pili kidole gumba kitazame juu na chupa isimame: mistari yako miwili itatanuka kwa jinsi brakioradiali unavyotokeza. Mara ya tatu shika shingo ya chupa kiganja kikitazama chini: baisepsi itapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, kwa sababu kano yake imezungushwa kwenye radiasi, na mzigo utabebwa zaidi na brakioradiali pamoja na brakialisi. Brakialisi umejificha chini ya baisepsi na hujishikiza kwenye alna, mfupa usiozunguka, hivyo hufanya kazi sawa katika mikao yote mitatu. Mwenye kunyanyua vyuma ataelewa hapo kwa nini mwalimu wake humbadilishia namna ya kushika chuma.

8. Mwombe mwenzako akupime nguvu. Keti, kiwiko nyuzi 90, gumba juu. Yeye aushike mkono wako wa juu kwa mkono mmoja ili usitikisike, na kwa mkono wa pili akandamize kigasha kuelekea chini, juu kidogo ya kifundo, wala si kwenye kiganja. Aongeze nguvu taratibu kwa sekunde tatu au nne, nawe umzuie. Baada ya hapo apime mkono wa pili, kwa kuwa kipimo cha maana ni kulinganisha pande mbili za mtu yule yule, huku mkikumbuka kwamba mkono unaotumika zaidi huwa na nguvu kidogo kuliko mwenzake. Mwanafunzi wa uuguzi au utabibu aliye na nyundo ya kupimia anaweza pia kugonga kwa upole mwisho wa radiasi, mkono ukiwa umelegea juu ya paja. Kiwiko kitajikunja kidogo, na jibu hilo huonyesha kwamba njia ya C5 na C6 inapitika.

9. Kabla hujafuta mistari, itumie kutafuta mapigo ya moyo. Laza kigasha kiganja kikitazama juu, fuata mwelekeo wa kano ya brakioradiali mpaka karibu na kifundo, kisha sogeza ncha za vidole viwili kidogo kuelekea katikati ya mkono. Ateri ya radiali hupita hapo, kati ya kano hii na kano nyingine nene inayoonekana mtu anapokunja kiganja. Usitumie kidole gumba, kwa sababu nacho kina mapigo yake na unaweza kujihesabu mwenyewe badala ya mgonjwa.

Mahali msuli huu unapofanya kazi kila siku

Baada ya hatua hizo, weka kidole kwenye tuta huku mkono wa pili ukifanya kazi za kawaida, utajifunza zaidi kuliko kwa kusoma. Ukiinua kikombe cha chai kwa mkono wa kikombe, gumba liko juu, na brakioradiali huamka. Fundi anayerudisha nyundo juu baada ya kupiga msumari anautumia kila mara. Mvuvi anayeivuta kamba ya nanga mkono baada ya mkono hukunja kiwiko kwa mkao ule ule wa salamu, na mama anayembeba mtoto mbele ya kifua huuweka kazini bila kupumzika mpaka atakapombadilisha upande.

Kukuna nazi kunastahili kutazamwa kwa makini. Anayekaa kwenye mbuzi huku amekishika kifuu hukisukuma na kukigeuza juu ya meno ya chuma, kiwiko kikiwa kimekunjwa nusu na kigasha kikizunguka huku na huku. Brakioradiali husaidia kukishikilia kiwiko katika mkunjo huo na kukirudisha kigasha katikati kinapogeuzwa dhidi ya ukinzani wa nyama ya nazi. Hata hivyo, anayechoka zaidi katika kazi hiyo ni misuli inayokaza vidole kwenye kifuu. Ndivyo ilivyo pia kwa mkata mkonge anayeshika kisu tangu alfajiri: uchovu wake mwingi unatoka kwenye kushika, na kushika si kazi ya brakioradiali. Anayebeba ndoo ya maji mkono ukiwa umening'inia wima naye vivyo hivyo. Msuli wake hukazika kweli pale tu anapokunja kiwiko ili kuipandisha ndoo kichwani au barazani.

Kuutunza na kuuimarisha

Zoezi moja linatosha kwa anayeanza. Simama, chupa ya lita moja na nusu mkononi, mkono ukining'inia na kidole gumba kikitazama mbele. Kunja kiwiko kwa sekunde mbili, teremsha kwa sekunde tatu, na usiruhusu kiganja kigeuke njiani. Rudia mara 10 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, kisha fanya duru ya pili. Siku tatu kwa wiki zinafaa, kukiwa na siku ya mapumziko kati yake, na uzito uongezwe tu pale duru zote mbili zinapokwisha bila mwili kuyumba. Kosa la kawaida ni kurusha chupa kwa kiuno na bega, jambo linaloufanya msuli uliokusudiwa uwe mtazamaji.

Kwa kuchua, tumia mafuta kidogo, ya nazi yanafaa kabisa, na pitisha kidole gumba kutoka katikati ya kigasha kwenda juu kuelekea kiwiko, juu ya nyama na si juu ya mfupa, kwa nguvu ya wastani. Unapofika usawa wa kiwiko, punguza nguvu kwa ajili ya ile neva. Desturi ya kukandamiza mpaka mtu alie machozi haina faida yoyote ninayoiona, na alama nyeusi za siku ya pili si dalili ya tiba.

Kwa kunyoosha, jambo la lazima ni kukinyoosha kiwiko chenyewe, kigasha kikiwa kimegeuzwa. Kuvuta kiganja kuelekea chini, kama wengi wanavyofanya, hunyoosha majirani wa brakioradiali na huwasaidia hao, lakini msuli wenyewe haupati chochote cha ziada kwa kuwa, kama ilivyoelezwa, haufiki kwenye kiganja.

Mambo yasipokwenda sawa

*Hakuna tuta linaloonekana.* Mkono wenye mafuta mengi chini ya ngozi huficha msuli, lakini hauwezi kuuzuia usihisike. Acha kutazama na utegemee vidole. Hakikisha pia kwamba kidole gumba hakijageuka kuelekea ndani wakati unasukuma, na kwamba kiwiko kipo nyuzi 90 kwa kweli.

*Maumivu yapo kwenye nundu ya nje ya kiwiko.* Inua kiganja kuelekea nyuma huku ukikizuia kwa mkono wa pili, kiwiko kikiwa kimenyooka. Ikiwa maumivu yanaamka hapo, au yanaamka unaposhika kitu kwa nguvu na kukamua nguo, basi inayohusika kwa kawaida ni kano ya misuli ya kuinua kiganja, inayojishikiza kwenye nundu hiyo. Kuchua brakioradiali hakutaiponya. Punguza kazi ya kushika na kukamua, beba mizigo kiganja kikitazama juu, na umwone mtaalamu wa fiziotherapia kama wiki kadhaa zimepita bila nafuu.

*Maumivu yapo karibu na kifundo, chini ya kidole gumba.* Hapa zinazohusika kwa kawaida ni kano za ile misuli miwili ya kidole gumba, zinazokatiza juu ya kano ya brakioradiali. Wazazi wenye watoto wachanga hupatwa nayo mara nyingi, kwa sababu ya kumnyanyua mtoto kwa vidole gumba vilivyopanuliwa. Mnyanyue kwa kupitisha mikono chini ya makalio na mgongo wake, ili uzito ukae kwenye vigasha.

*Kuna ganzi au mwasho mgongoni mwa kiganja, upande wa kidole gumba.* Tawi la neva ya radiali linalohisi ngozi husafiri chini ya brakioradiali na kutokeza karibu na ngozi kwenye theluthi ya chini ya kigasha, ambako saa au bangili inayobana inaweza kulikandamiza. Vua kinachobana kwa siku kadhaa. Tawi hilo ni la kuhisi tu, hivyo ukiona na udhaifu pia, chanzo kiko kwingine.

*Ganzi ipo kwenye kidole cha mwisho.* Waendesha baiskeli wa mjini kwetu huilalamikia sana baada ya safari ndefu. Hiyo ni neva ya alna inayobanwa na usukani kwenye sehemu ya chini ya kiganja, na haihusiani na brakioradiali kwa njia yoyote. Badilisha mkao wa mikono mara kwa mara na punguza kuulalia usukani.

*Kiganja kimelegea na hakiinuki.* Hapa usingoje. Mtu aliyelala usingizi mzito mkono ukiwa umening'inia kwenye mgongo wa kiti, au aliyevunjika mfupa wa mkono wa juu, anaweza kuamka na hali hii kwa sababu neva ya radiali imeumia. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Aliyejifunza hatua ya nane anaweza kumsaidia daktari: ikiwa brakioradiali nao umelegea, neva imeguswa juu ya kiwiko, kabla haijaupa msuli huu tawi lake, ikiwa brakioradiali bado unakazika vizuri lakini vidole havinyooki, tatizo huenda liko chini zaidi, ndani ya kigasha. Mweleze daktari lini ilianza, ulilalaje, na kama ulianguka au kupigwa, na usikubali mkono huo uvutwe wala uchuliwe na mtu yeyote kabla haujapimwa.